Mwendo Huamuliwa Londiani: mvua, mteremko na barabara ya Fort Ternan

Anayetoka Londiani kwenda Muhoroni kwa barabara ya Fort Ternan huteremka karibu mita 1,000 kabla ya kufika kwenye mashamba ya miwa. Londiani iko kwenye kimo cha takriban mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, mji wa baridi ambako sweta haiwekwi mbali. Muhoroni ni nchi ya joto, kwenye mita 1,300 hivi. Katikati ya miji hiyo kuna kona, madaraja, ng'ombe wanaovushwa, watoto wa shule, boda boda zilizobeba magunia, na mteremko unaodanganya. Kwa macho unaonekana mpole, lakini dereva akiondoa mguu kwenye breki, gari linachukua mbio lenyewe.

Ni katika barabara hiyo, alfajiri ya Jumatano tarehe 10 Oktoba 2018, basi lililokuwa likitoka Nairobi kwenda Kakamega liliacha njia mahali paitwapo Tunnel, likabingirika hadi chini ya ukingo, paa likang'oka. Ilikuwa saa kumi hivi. Zaidi ya watu 50 walikufa, watoto wakiwamo. Polisi walieleza kwamba dereva alishindwa kulidhibiti gari kwenye mteremko, na kwamba basi hilo halikuwa na kibali cha kubeba abiria usiku.

Kabla miaka mitano haijatimia, nchi ililia tena, safari hii huko juu mteremko unakoanzia. Jioni ya Ijumaa tarehe 30 Juni 2023, lori lililobeba kontena likielekea Kericho lilipoteza mwelekeo kwenye makutano ya Londiani, likavamia matatu zilizokuwa zimesimama, likawapitia wachuuzi, waendeshaji boda boda na wapita njia. Watu 52 walipoteza maisha. Msalaba Mwekundu walisema mvua kubwa ilikuwa ikizuia kazi ya uokoaji, na waliookolewa walitolewa chini ya vyuma huku maji yakitiririka barabarani.

Misiba hiyo miwili imetenganishwa na miaka, lakini si na kilomita nyingi. Kila msimu wa mvua ndefu unapowadia, watu wa Kericho na Bomet huizungumzia upya kwenye vituo vya matatu, na mazungumzo karibu kila mara huishia kwenye mvua, kona au mkono wa shetani. Mimi sikubaliani. Nimesafiri huku mara nyingi vya kutosha kuamini kwamba ajali ya kwenye kona ya Tunnel huanza kilomita nyingi kabla ya kona. Huanza pale juu, dereva anapochagua gia, anapoamua atashuka kwa mwendo gani, na anapoondoka na tairi alizonazo. Mvua ikishuka juu ya uamuzi mbaya, inaufichua tu.

Tuanze na mvua yenyewe, maana ya huku ina tabia zake. Nchi ya chai haina kiangazi cha kweli. Asubuhi jua huwaka, unyevu hupanda kutoka Ziwa Victoria, upepo wa ziwani husukuma hewa hiyo mpaka ikagonga milima ya Nandi, Tinderet na Mau, na kufikia alasiri mawingu yamekuwa meusi. Mkulima anajua. Ndiyo maana huchuna chai mapema. Aprili na Mei mvua huzidi, lakini Agosti nayo huwa na mvua nyingi kuliko mgeni anavyotarajia, na mtu anayepanga safari kwa kalenda ya Nairobi hukuta barabara imelowa katika mwezi aliodhani ni mkavu.

Kisha kuna mvua ya mawe. Kericho imetajwa katika rekodi za dunia kuwa ilipata mvua ya mawe siku 132 katika mwaka mmoja. Watafiti waliochunguza jambo hilo waliandika mwaka 1982 katika jarida la Tellus kwamba vumbi la majani makavu ya chai, linalopeperushwa kutoka chini ya mashina, lina uwezo mkubwa wa kuanzisha barafu ndani ya wingu. Kwa mkulima, mawe hayo ni hasara ya wiki nzima. Kwa dereva ni dakika kumi za hatari kubwa: lami inafunikwa na vipande vya barafu, tairi hazigusi barabara sawasawa, kioo cha mbele hakionyeshi kitu, na waipa zinasukuma barafu badala ya maji. Hakuna ufundi wa usukani unaofaa hapo. Tafuta mahali palipo wazi nje ya lami, pasipo chini ya miti wala kwenye kona, usimame mpaka yaishe. Huku huisha upesi.

Jambo linalowaponza wageni zaidi ni kwamba mvua hii hunyesha kwa viraka. Unaweza kuondoka Londiani ukiwa umelowa, ukafika kwenye kipande kikavu kabisa, vumbi linatimka, ukajiachia, kisha baada ya kona mbili lami inang'aa tena. Bonde la Fort Ternan lina mvua kidogo kuliko vilima vya chai vilivyo juu yake, na hapo ndipo dereva hufungua mwendo akidhani mvua ameiacha nyuma.

Na mvua chache za kwanza baada ya ukavu ndizo mbaya kuliko zote. Wakati wa ukavu lami hukusanya mafuta yanayodondoka kwenye malori, vumbi, na ungaunga wa mpira wa tairi. Manyunyu ya kwanza hayaoshi uchafu huo. Huukoroga ukawa utelezi mwembamba. Mvua ikinyesha kwa nguvu kwa muda, uchafu huenda na maji na barabara hushika vizuri zaidi kidogo. Kwa hiyo dereva anayesubiri mvua ikolee ndipo apunguze mwendo anafanya mambo kinyume.

Udongo nao una lake. Wataalamu wa visukuku duniani kote wanalijua jina la Fort Ternan kwa sababu ya mlima Tinderet, volkano iliyozimika ambayo majivu yake yalihifadhi mifupa iliyochimbuliwa na Louis Leakey kuanzia mwaka 1961, ikiwamo ya nyani wa kale aitwaye Kenyapithecus wickeri aliyeishi yapata miaka milioni 14 iliyopita. Volkano hiyo hiyo ndiyo iliyotupa udongo wenye rutuba. Ukilowa, unanata na kuteleza. Trekta likitoka shambani na trela la miwa, au lori likitoka kwenye barabara ya udongo kuchukua majani chai, huacha tope juu ya lami pale linapoingia. Tope hilo likinyeshewa, kipande cha mita 20 au 30 hugeuka kuwa kitu kingine kabisa. Alama zake zinaonekana kwa mbali: rangi ya lami inabadilika, nyayo za tairi zinaonekana kutoka kando. Punguza mwendo kabla ya kufika hapo, wakati bado uko kwenye lami safi, kwa sababu ukishaingia kwenye tope breki haina msaada mkubwa.

Sasa hesabu, kwa wale wasioamini maneno matupu. Sheria ya Kenya inaruhusu magari ya abiria kwenda kilomita 80 kwa saa kwenye barabara kuu. Kwa mwendo huo gari linasafiri mita 22 kila sekunde. Dereva mwenye akili timamu huhitaji walau sekunde moja kuona hatari na kukanyaga breki, na mita 22 zimekwenda kabla breki haijaanza kazi. Kwenye lami kavu na tambarare, tairi nzuri zitalisimamisha gari dogo baada ya mita nyingine 36 hivi. Lami ikilowa, mita hizo 36 huwa zaidi ya 60. Ongeza mteremko wa kawaida wa huku, ule wa kushuka mita saba kwa kila mita 100, na sasa unahitaji mita 75 au zaidi. Ukijumlisha na zile 22 za mwanzo, umebakisha kidogo kufikia mita 100, urefu wa uwanja wa mpira. Kwenye kona nyingi za kuteremkia Fort Ternan huoni mita 100 mbele yako.

Fanya hesabu hiyo hiyo kwa kilomita 40 kwa saa. Kwenye mteremko ule ule, uliolowa vile vile, gari linasimama ndani ya mita 30 hivi. Umepunguza mwendo kwa nusu, na umbali wa kusimama umeshuka kufikia chini ya theluthi moja. Hiyo ndiyo siri yote ya barabara yenye maji, na ndiyo sababu nasema kila mara kwamba alama ya kilomita 80 ni kikomo cha sheria kwa siku njema. Mvua haijaandikiwa alama; dereva mwenyewe anapaswa kuiandika kichwani.

Kuna jambo la pili ambalo wengi hawalielewi, nalo ni gari kuelea. Maji yakituama barabarani, tairi inapaswa kuyasukuma yapite kwenye mifereji yake na pembeni ili mpira uguse lami. Mwendo ukizidi, maji hayapati nafasi ya kutoka. Hujikusanya chini ya tairi na kuinyanyua. Usukani unakuwa mwepesi ghafla na gari linakwenda linakotaka. Watafiti wa NASA waliochunguza tairi za ndege katika miaka ya 1960 walipata kanuni rahisi: mwendo ambao tairi huanza kuelea unategemea upepo uliomo ndani yake. Kwa kanuni hiyo, tairi yenye upepo wa kipimo cha psi 30 huanza kuelea kwenye kilomita 91 hivi kwa saa. Iliyopungua mpaka 20 huanza kwenye kilomita 74. Yaani gari la abiria lenye tairi iliyopungua upepo linaweza kuelea likiwa bado chini ya mwendo unaoruhusiwa na sheria, kidhibiti mwendo kikiwa kizima na dereva akiwa hana kosa lolote la kuandikiwa. Kupima upepo wa tairi kwenye kituo cha mafuta ni dakika chache. Sijui sababu yoyote ya maana ya kutokufanya hivyo kabla ya kushuka.

Tairi kipara huongeza balaa. Tairi mpya ya gari dogo huwa na mifereji yenye kina cha milimita nane hivi. Sheria za Ulaya zinakataza tairi kushuka chini ya milimita 1.6, na mafundi wengi huko hushauri ibadilishwe inapofikia 3 kwa sababu ya mvua. Kwetu kuna tabia ya kuzihamishia nyuma tairi zilizochoka, kwa hoja kwamba mbele ndiko kwenye usukani. Kwenye kona yenye maji, tairi za nyuma zikikosa mshiko, mkia wa gari hutoka nje na dereva wa kawaida hawezi kuurudisha. Zilizo nzuri zifungwe nyuma, na zilizokwisha zitupwe.

Ukihisi gari linaelea, usikanyage breki kwa hofu wala usikate usukani. Ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani unyooke unakokwenda, subiri. Ni sekunde ndefu, lakini gari likipunguza mwendo tairi zitagusa lami tena. Magari mengi madogo yaliyoagizwa Japani yana mfumo wa kuzuia tairi kufunga, ule unaofanya pedali itetemeke chini ya mguu. Ikitetemeka, endelea kukanyaga. Mfumo unafanya kazi. Malori mengi ya zamani hayana, na tairi zikifunga dereva lazima alegeze kidogo, akanyage tena, alegeze.

Malori ndiyo yanayonitia wasiwasi zaidi, na si kwa sababu madereva wao ni wabaya. Wengi ni mafundi kuliko sisi wa magari madogo. Ni uzito. Lori la tani 30 likishuka mita 1,000 lina nguvu ambayo lazima iende mahali. Kama yote itamezwa na breki, joto lake lingetosha kuchemsha maji ya chai zaidi ya lita 800. Hakuna breki iliyotengenezwa kuvumilia hivyo kwa safari moja bila kupumzika. Breki zikipata moto kupita kiasi hupoteza makali, pedali inakwenda mpaka sakafuni na lori haliitikii. Dawa yake inajulikana tangu malori yalipoanza: teremka kwa gia ambayo ungepandia mteremko huo huo, uiweke kabla ya kuanza kushuka, na uiache injini ibebe kazi. Gia ikishakosewa katikati ya mteremko, hairudi kwa urahisi.

Kuna madereva wanaofanya kinyume kabisa: hutoa gia na kuliachia gari literemke lenyewe ili kuokoa dizeli. Tabia hii ilisikika sana kule Salgaa na Sachangwan, kwenye barabara kuu ya Nakuru kwenda Eldoret, na makaburi yake yako huko. Dizeli iliyookolewa haitoshi hata kununua chakula cha mchana. Tajiri anayempimia dereva mafuta kidogo kuliko safari inavyohitaji anashiriki lawama hiyo sawasawa, kwa sababu dereva huyo amelazimishwa kuiba kutoka kwenye mteremko.

Nikirudi kwenye chai, alasiri yenye mvua ndiyo saa ya pilikapilika. Majani mabichi hayalali. Yakishachunwa lazima yafike kiwandani siku hiyo hiyo, la sivyo yanaungua ndani ya magunia na kupoteza ubora. Kwa hiyo malori ya viwanda, iwe Tegat na Momul upande wa Kericho au Kapkoros na Tirgaga upande wa Bomet, huzunguka kwenye vituo vya kununulia majani wakati ule ule ambapo mawingu yanafunguka. Wakulima wamesimama kwenye mstari kandokando ya barabara, magunia mgongoni au kwenye boda boda, wamejifunika nailoni, hawasikii gari kwa sababu ya kelele ya mvua kwenye mabati. Dereva mgeni anayepita Litein au Kapkatet jioni anapaswa kujua kwamba kibanda kidogo cha mbao kando ya njia kina watu 40 nyuma yake, na mmoja wao yuko karibu kuvuka.

Boda boda wanahitaji neno lao. Mwavuli mkubwa unaofungwa juu ya pikipiki unazuia mvua, lakini upepo wa pembeni ukivuma kutoka mabondeni, au lori likipita kwa kasi, mwavuli huo hukamata upepo na kuivuta pikipiki. Mistari ya rangi iliyochorwa barabarani na vyuma vya madaraja huteleza kuliko lami yenyewe, na kwenye lami iliyolowa breki ya mbele ikikamatwa ghafla huangusha. Kijana anayembeba mama na mtoto wakati wa mvua hana aibu yoyote ya kusema, "Mama, tusimame kwanza hapa dukani." Na mama asimharakishe.

Kuna tabia moja ya kwetu ambayo ningependa ife. Mvua ikinyesha kwa nguvu, madereva wengi huwasha taa zote nne za kupepesa na kuendelea kukimbia. Taa hizo zimetengenezwa kwa ajili ya gari lililosimama au lenye hitilafu. Ukiziwasha ukiwa unakwenda, aliye nyuma hajui kama umesimama, na katika magari mengi hawezi kuona ukionyesha kwamba unakata kona. Washa taa za kawaida za mbele, zile za chini, ziwashe hata mchana. Ukungu ukishuka, kama unavyofanya Mau Summit na Londiani asubuhi nyingi, taa kali za juu hurudisha mwanga machoni pako mwenyewe. Gari likiharibika, matawi yaliyokatwa na kutupwa barabarani hayaonekani usiku kwenye mvua. Pembetatu mbili zinazoakisi mwanga zimo katika sheria na bei yake ni ndogo.

Na maji yakipita juu ya daraja au kalvati, simama. Sentimita 30 za maji yanayokwenda kasi zinatosha kuanza kulibeba gari dogo. Tarehe 4 Desemba 2021, basi lililobeba waumini na wanakwaya waliokuwa wakienda arusini lilijaribu kuvuka mto Enziu uliofurika karibu na Mwingi, na zaidi ya watu 30 wakafa maji huku watu wakitazama kutoka ukingoni. Vijito vinavyomwaga maji kwenye mto Nyando ni vidogo kuliko Enziu, lakini hushuka kutoka milimani vikiwa na kasi, na hujaa wakati bondeni kwenyewe hakujadondoka tone.

Yote hayo dereva anaweza kuyatimiza. Lakini ningekuwa nadanganya nikisema dereva yuko peke yake. Nyuma yake wameketi watu 14, au 50, na utafiti uliofanywa humu Kenya unaonyesha kwamba wana nguvu kuliko wanavyofikiri. Mwaka 2008 James Habyarimana na William Jack wa Chuo Kikuu cha Georgetown walichagua matatu za safari ndefu zaidi ya 2,000. Katika nusu yake walibandika karatasi ndani ya gari zikiwahimiza abiria wamkemee dereva anapoendesha vibaya. Madai ya bima kutoka kwa magari yenye karatasi hizo yalipungua kwa kati ya nusu na theluthi mbili. Hakuna barabara iliyojengwa wala askari aliyeongezwa. Kampeni iliyofuata, iliyoitwa Zusha!, ilipelekwa kwa magari mengi zaidi, na ingawa mafanikio yake yalikuwa madogo kuliko ya kwanza, madai bado yalipungua kwa robo hadi theluthi.

Ninapenda matokeo hayo kwa sababu yanaondoa kisingizio cha unyonge. Abiria wa kwetu ni mpole. Humwona dereva akipita gari kwenye kona, humwona akikamata simu, na hutazama dirishani akisali. Ikiwa mzee mmoja atasema, "Dereva, mwanangu, punguza, tuna watoto," sauti ya pili hufuata, na ya tatu. Konda anaweza kununa. Dereva hupunguza.

Serikali nayo ina deni. Barabara ya Londiani, Fort Ternan na Muhoroni ilipowekwa lami iligeuka njia ya mkato kwa mabasi ya magharibi mwa nchi, na magari yaliyokuwa yakijikokota kwenye vumbi yakaanza kupita kwa kasi, usiku, kwenye kona zile zile. Wahandisi wa reli waliopita bonde hili kabla ya treni kufika Kisumu mwezi Desemba 1901 walilazimika kuizungusha njia na kujenga madaraja mengi ya chuma, maana treni haikuweza kushuka moja kwa moja kutoka Mau. Waliuheshimu mteremko. Barabara ya lami inastahili heshima hiyo: vyuma imara vya kingo kwenye kila kona yenye bonde, alama zinazoakisi mwanga kabla ya mteremko na si baada yake, mahali pa malori kusimama na kupoza breki, na mitaro inayozibuliwa kabla ya Machi. Salgaa ilipoua watu 36 alfajiri ya tarehe 31 Desemba 2017 pale Migaa, ukuta wa kutenganisha magari ulijengwa. Inawezekana basi, nia ikiwapo. Na soko la Londiani, mojawapo ya masoko ambayo Waziri wa Barabara wa wakati huo, Kipchumba Murkomen, alisema yataondolewa kando ya barabara, linahitaji mahali pengine pazuri ambapo mteja atafika, maana mchuuzi hufuata wateja, na akihamishiwa asikouza atarudi.

Zaidi ya hayo yote, kuna swali la mwaka 2018 ambalo familia zina haki ya kuliuliza mpaka leo. Basi lisilo na kibali cha usiku liliondoka Nairobi jioni na likafika Fort Ternan alfajiri, baada ya mamia ya kilomita ya barabara zenye vizuizi vya polisi. Mtu yeyote kati ya waliolisimamisha, au waliopaswa kulisimamisha, angeweza kuokoa roho hizo kwa kusoma karatasi moja iliyobandikwa kiooni.

Kwa hiyo, msomaji wangu, ukipanda gari Nairobi au Nakuru kwenda magharibi wakati huu wa mvua, muulize konda kabla ya kutoa nauli: gari lina kibali cha usiku? Dereva ameshika usukani tangu saa ngapi? Kanuni hazimruhusu kuendesha zaidi ya saa nane kwa siku, na una haki ya kujua. Tazama tairi kabla ya kupanda ngazi. Jibu likija kwa kejeli, au tairi zikiwa kipara, usipande. Lala ulipo, uondoke kukipambazuka.